Viti vya Mvule kwenye Banda la Kuni

Mvua za masika zikishika, Malindi hupoa. Hoteli nyingi za ufuoni hufungwa, wageni wamesharudi kwao, na huko Casuarina na Silversands mageti hufunguliwa kwa shughuli nyingine. Nyumba imepata mnunuzi, na mnunuzi anaitaka tupu. Mwenyewe kazeeka, karudi Italia kwa watoto wake. Au amefariki, na warithi walioko Milano hawaoni sababu ya kugharamia meli kwa ajili ya makabati. Basi vitu hutolewa varandani, vingine hadi kwenye nyasi, na watu huanza kuingia.

Mimi ni fundi wa makochi. Nafumua, nashona, nabadilisha sponji na springi, nasuka viti vya henzirani. Kazi hii imenifikisha ndani ya nyumba ambazo pengine nisingevuka geti lake, na imenipendesha samani za miaka ya 1950 na 1960 kuliko kitu kingine chochote kinachotoka humo. Zile za mistari iliyonyooka, miguu myembamba iliyotanuka kidogo kwa nje, mbao zikionekana zenyewe bila nakshi. Kuna watu ulimwenguni wanaozitafuta kwa udi na uvumba. Hapa kwetu huuzwa mwisho, baada ya friji, jenereta, magodoro na mashine za kupoza hewa kwisha.

Marekani mauzo haya yana utaratibu wake. Familia huajiri kampuni, kila kitu hubandikwa bei, watu hupanga foleni mapema na kupewa namba, na siku ya mwisho bei hushuka, mara nyingi hadi nusu. Kwetu hakuna foleni wala karatasi ya bei. Kuna askari wa getini, msimamizi wa nyumba, dalali, na simu. Askari ndiye hujua kwanza. Anajua nani hakurudi Desemba hii, nani ameacha kulipa mtunza bustani, nani ameletewa watu wa kupima kiwanja. Mimi nikipita huwasalimia hata kama sina shida, na nikishona mto mmoja wa kiti cha getini bila malipo, naona ni haki yao.

Na kwa nini vitu hivi viko Malindi? Kwa kiasi fulani, ni kwa sababu ya roketi. Miaka ya 1960 Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma alikuja Ngomeni, karibu na Malindi, na wenzake, wakasimamisha majukwaa baharini, San Marco na Santa Rita. Satelaiti ya kwanza ilirushwa kutoka hapo Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha uhuru wake, ikapaa satelaiti ya Marekani ambayo kwa sababu hiyo ilipewa jina Uhuru, ya kwanza kuundwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Wahandisi na mafundi wa kazi ile walihitaji nyumba, na nyumba zilihitaji viti. Nyuma yao wakaja Waitaliano wengine kwa pwani na jua, na kabla yao walikuwapo Waingereza walioteremka kutoka bara kuja kustaafu. Ndiyo maana chumba kimoja cha Malindi kinaweza kuwa na taa ya Milano, kasha la Kihindi na kiti cha serikali ya kikoloni, vyote vimekaa pamoja miaka hamsini.

Nyumba ninayotaka kuisimulia iko Casuarina, ndani kidogo kutoka barabara ya ufuoni. Msimamizi wake ni mzee wa Kigiriama aliyekuwa hapo tangu ujana wake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mama Salma. Mbona umechelewa? Friji limeshachukuliwa, na kile kitanda kikubwa pia."

"Sikuja kwa friji, mzee. Kulikuwa na viti vya varanda ya nyuma, vyenye mikono mipana."

"Vile vizito? Viko banda la kuni. Mtoto wa pili ameniambia kwa simu nivipasue."

Vilikuwa vinne, vimerundikwa juu ya magogo ya mvinje, mito yake haipo, mgongo wa kimoja umelegea. Nilikitoa cha kwanza uani nikakilaza kichwa chini, miguu juu. Kiti hukitazami kwa mbele. Kwa mbele kimepigwa vanishi mara kadhaa, kimefutwa, kimetengenezwa kipendeze. Kwa chini hakuna aliyejisumbua kukibadilisha. Pale niliona skrubu za shaba zenye mfereji mmoja, zimeingia sawasawa na mbao, hakuna hata moja yenye kichwa cha nyota. Niliona alama za randa ya mkono, mawimbi madogo unayoyasikia kwa ncha za vidole kabla ya kuyaona. Viungo vya miguu vilikuwa vya ulimi na tundu, na kila kimoja kimepigiliwa kijiti cha mbao kukishika. Na kwenye ubao wa nyuma, zimechomwa kwa chuma cha moto, herufi tatu: PWD.

Wenye umri wanazikumbuka. PWD ni Public Works Department: Idara ya Kazi za Umma ya serikali ya kikoloni, ndiyo iliyokuwa ikitia samani katika nyumba za maofisa wake, na viti vya namna hii ulivikuta kwenye nyumba za serikali bara na pwani. Mzee aliniambia mwenye nyumba alivinunua kwenye mnada miaka mingi iliyopita, kwa sababu mke wake alipenda mkono mpana unaoweza kubeba kikombe cha kahawa na kitabu kwa pamoja.

Mbao ni mvule. Mvule ukipasuliwa upya una rangi ya manjano, kisha mwaka hadi mwaka huiva mpaka kuwa kahawia iliyokolea, na ukiufuta kwa kitambaa chenye mafuta kidogo unaona dhahabu ikipita ndani yake. Mchwa hawaupendi. Hivi vilikuwa vimekaa banda lenye udongo mtupu, karibu kabisa na kichuguu, na hakuna mguu hata mmoja ulioguswa. Nilimlipa mzee shilingi elfu sita kwa vyote vinne, baada ya kuzungumza na yule mtoto mwenyewe kwa simu na kumwambia wazi ni viti gani na vimetengenezwa kwa mbao gani. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama nitavikalia au nitaviuza. Nikamwambia viwili vitakaa kwangu. Akasema basi vichukue.

Nataka kueleza kwa nini viti hivi vinanigusa hivi. Mtu akiona kwenye simu picha ya kiti cha Denmark cha miaka ya 1950, cha wabunifu kama Hans Wegner au Børge Mogensen, atasema ni maridadi, na kweli ni maridadi. Akiona hiki cha PWD anakiita kiti cha ofisi ya chifu. Lakini viweke pamoja uvitazame: mgongo umelala kwa pembe ileile ya kupumzisha kiuno, mbao imeachwa ionekane, hakuna ua lililochongwa, mto unatoka na kurudi. Fikra ni moja. Na hata hiyo fikra ya Denmark ilipita kwetu. Kaare Klint, aliyekuwa mwalimu wa Mogensen, alitengeneza mwaka 1933 kiti alichokiita kiti cha Safari. Miguu minne, vijiti, turubai na mikanda ya ngozi. Hakina gundi wala skrubu, unakifungua na kukifunga kwa mikono mitupu. Alikichukua kutoka kwenye kiti cha kambi cha maofisa wa Kiingereza wa India, na kiti hicho alikiona kwenye picha za safari za Martin na Osa Johnson, Wamarekani waliokuja kupiga filamu za wanyama Afrika Mashariki. Kwa hiyo sikubali mtu anapoongea kana kwamba uzuri wa namna hii ulizaliwa Ulaya ukatuletea makombo.

Na mikono iliyotengeneza vya kwetu ilikuwa ya hapa hapa: mafundi Makalasinga na Wahindi wenye karakana mijini, na mafundi wa Kiafrika waliofanya kazi nao, wakajifunza, wengine wakawazidi. Majina yao hayakuandikwa chini ya kiti. Kilichoandikwa ni herufi za serikali.

Vya Italia navyo vina raha yake. Kwenye nyumba ileile, mezani, kulikuwa na viti vyeusi vyembamba vya henzirani. Moyo ulinidunda, maana kuna kiti ambacho kila msukaji wa henzirani angependa kukishika: Superleggera cha Gio Ponti, kilichotoka kiwanda cha Cassina mwaka 1957. Kina uzito wa kilo 1.7 tu. Tangazo lake lilionyesha mtoto akikiinua kwa kidole kimoja. Siri yake iko miguuni: mguu si wa duara, ni wa pembe tatu, mnene kiasi cha milimita 18, kwa hiyo mbao imepungua na nguvu imebaki. Basi nilipopitisha mkono mguuni mwa kile cha Casuarina nikasikia duara. Kilikuwa kiti cha Chiavari, mji ulio karibu na Genova, ambako vinatengenezwa tangu mwaka 1807, na ndicho Ponti alichokitazama kabla ya kufanya chake. Nilivichukua vilevile. Mzazi wa kiti maarufu ana heshima yake, na kusuka upya kalio lake kumenifunza ufumaji mwembamba kuliko ule tuliouzoea kwenye viti vya Lamu.

Kwenye makochi, kitu cha kutafuta ni mikanda. Mwaka 1951 Marco Zanuso alionyesha Milano kiti kinachoitwa Lady, cha kampuni ya Arflex, kikapata medali ya dhahabu. Ndani yake hakuna springi za chuma. Kuna sponji ya mpira na mikanda ya mpira iliyotoka Pirelli, wale wa matairi. Mbinu hiyo ilienea, ndiyo maana nikifumua kochi la Kiitaliano la zamani mara nyingi nakutana na mikanda hiyo. Joto letu huimaliza. Pitisha mkono chini ya kochi kabla ya kutaja bei: ikiwa mikanda inakatika kama kaukau, jua kwamba sponji nayo imeshakuwa unga na kazi ni ya kuanzia mwanzo. Hiyo haimaanishi uliache. Fremu ikiwa nzima, ngozi na mpira ni vitu vinavyopatikana.

Pwani huchagua yenyewe kitakachobaki. Chuma kilichopakwa kromu hutoboka kwa chumvi. Kabati lililobandikwa ubao mwembamba juu ya plaiwudi huvimba kwenye kingo na kubanduka, hata likiwa la mbunifu mkubwa, na kulirudisha katika hali yake ni gharama ambayo sipendekezi. Mvule, mninga, msaji na mbambakofi hudumu. Na plastiki hudumu, jambo ambalo wengi hawalitarajii. Vile vikabati vya duara vinavyopandana, Componibili, alivyovibuni Anna Castelli Ferrieri kwa Kartell miaka ya 1960, nimevikuta bafuni kwenye nyumba iliyokuwa karibu kabisa na maji, vimefifia kidogo tu kwa jua. Geuza, tazama jina la Kartell chini. Watu walikuwa wakivitumia kuwekea sabuni ya kufulia.

Sasa picha. Ukutani ndipo ninapoumia zaidi, kwa sababu watu hununua fremu na kutupa kilichomo. Tafadhali geuza picha kabla ya kuifungua. Picha za Tingatinga ziko kila duka la watalii, lakini Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na akauawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Miaka minne hivi. Alipaka rangi ya kung'aa, ile inayopakwa baiskeli, juu ya vipande vya mraba vya hadibodi. Waliokuja baada yake walihamia turubai, kwa hiyo hadibodi ni dalili ya kukufanya usimame na kutazama vizuri. Ni dalili tu, maana waghushi nao wanajua kununua hadibodi, na jina lake limeandikwa na mikono mingi. Mimi ninayo moja ya ndege wawili na chui, kwenye hadibodi iliyopinda kona, isiyo na jina lolote. Sidai ni ya nani. Chui ana macho ya mtu aliyeamshwa usingizini, na hilo limenitosha kumtundika juu ya cherehani.

Ukikuta nyuma ya picha karatasi ya jumba la sanaa, usiibandue kamwe. Mchoraji Elimo Njau na wenzake walifungua jumba la Paa ya Paa, Nairobi, mwaka 1965, na wasanii wa wakati ule waliuza kwa wageni ambao baadaye walishuka pwani na picha zao. Karatasi ndogo iliyochakaa, yenye tarehe na jina, ndiyo inayoirudishia picha ukoo wake.

Vinyago vya Kimakonde navyo. Vya mtindo wa shetani, ulioanzishwa na Samaki Likankoa miaka ya 1950, vilipendwa sana na wageni wa wakati ule. Mpingo ni mzito kuliko unavyotarajia, na mara nyingi mchongaji aliacha mahali pamoja ule utando mweupe wa nje wa mti. Tazama kitako. Ikiwa weusi unahama kwenye kitambaa chenye maji, hiyo ni rangi ya viatu.

Kabla ya kutoa pesa kuna mambo mawili ya kuuliza, na sitarefusha. La kwanza, nani anauza. Mali ya marehemu haigawiwi wala kuuzwa mpaka mahakama impe mtu mamlaka ya kusimamia mirathi. Msimamizi wa nyumba anaweza kuwa mwaminifu kabisa na bado hana haki ya kukuuzia. Zungumza na mwenye haki, upate hata ujumbe wa simu unaotaja vitu, na ulipe kwa njia inayoacha alama. La pili, umri na malighafi. Sheria ya Kenya inavihesabu vitu vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895 kuwa mambo ya kale, na havitolewi nje bila kibali. Kiti cha enzi cha Lamu au Pate, cha mpingo na nyuzi, kikiwa cha zama hizo, kinaingia humo. Na kama kimetiwa pembe za ndovu, usikiguse. Biashara ya pembe ni kosa, hata iwe kipande kidogo kiasi gani.

Hapo ndipo roho yangu huniuma. Sheria imekilinda cha kabla ya 1895, na vizuri. Ukienda makumbusho ya Lamu utakiona kiti cha enzi kimewekwa mahali pake. Kiti cha mvule cha mwaka 1955 hakina mlinzi. Hakuna makumbusho yanayokingojea, hakuna kibali kinachohitajika, hakuna anayekihesabu. Kinaweza kupandishwa kwenye kontena leo, au kupasuliwa kichomewe mkate, na hakuna atakayejua kulikuwa na kitu. Nimeshaona wanunuzi kutoka Nairobi wakija na lori na kuondoka na varanda nzima. Siwalaumu, wanalipa, na angalau wanajua wanachokibeba. Ninachotaka ni sisi wa hapa tukijue pia, ili kikiondoka kiondoke kwa bei yake, na kingine kibaki.

Na jambo moja naliomba kwa nguvu zangu zote: msivipake rangi nyeupe. Kuna mtindo siku hizi wa nyumba za kupangisha, kila kiti kinapigwa rangi nyeupe ya maji kisha kinakwanguliwa kidogo kionekane cha ufuoni. Mbao iliyochukua miaka sabini kuiva inafunikwa kwa mchana mmoja, rangi inaingia kwenye vinyweleo, na kuitoa inabidi upige msasa mpaka uile ngozi yote ya juu. Ukitaka kiti cheupe, nunua cha mvinje kipya, fundi yeyote wa hapa atakutengenezea kizuri. Cha mvule kifute kwa kitambaa chenye maji kidogo, kikaushe kivulini, kipake mafuta ya kitani kwa uchache, uyafute yasiache utelezi. Basi.

Vile vinne sasa vimesimama. Jirani yangu seremala aliurudisha ule mgongo uliolegea; alitoa kijiti cha zamani, akachonga kingine cha mvule uleule kutoka kipande nilichookota bandani, akakigonga mara mbili. Alipokigeuza kiti akaziona zile herufi, akaniita. "Mama Salma, babu yangu alifanya kazi kwa hawa." Hakujua zaidi ya hapo, ila alikataa nusu ya malipo. Mito nimeishona kwa turubai ya rangi ya udongo, na mishono iko ndani ili kitambaa kisichanike kwenye kingo za mbao.

Ninachotafuta sasa ni meza ndogo ya seti hii, ile yenye ubao wa chini wa kuwekea magazeti. Naamini ziko, Mambrui, Kilifi, huenda hata kwenye ofisi za zamani za Lamu, zimebebeshwa mafaili au matenga ya samaki. Ukiwa nayo, au una kiti chochote usichokijua asili yake, kigeuze juu chini, kipige picha mchana pasipo flashi, skrubu na viungo vionekane, unitumie. Nitakwambia ninachokiona. Hata kama hutaki kuuza.